Mkono wa Kiunoni Umeshika Nini? Kutafuta Kasoro ya Mbinu ya Karate Isiyofanya Kazi

Jioni moja tulikuwa mazoezini kwenye mchanga wa Shela, maji yamekupwa, vijana kumi na mmoja wamejipanga mistari miwili, nami nahesabu kwa Kijapani: ichi, ni, san. Nahodha mmoja mtu mzima, aliyekuwa akingoja maji yajae aishue mashua yake, alitutazama muda mrefu, mikono ameiweka nyuma. Tulipopumzika akaniita.

"Mwanangu, mkono hunu wa kiunoni ushishiye nini?" Yaani, umeshika nini.

"Haujashika kitu, ami. Ndivyo tulivyofundishwa. Mmoja ukipiga, mwingine unarudi kiunoni."

Akatikisa kichwa. Akasema chomboni kwake hakuna mkono unaokaa bure. Usiposhika kamba hushika ukingo, na usiposhika kimojawapo mwenyewe yumo baharini.

Nilikuwa na mkanda mweusi siku ile, na sikuwa na jibu. Mwongozo huu umezaliwa na swali lake. Ni wa mtu ambaye tayari anafanya mazoezi, umbo lake ni zuri, pengine hata anasifiwa, lakini akisimama na mwenzake mbinu haifanyi kazi na hajui kwa nini. Nimeupanga kwa dalili ninazoziona mara kwa mara kwa wanafunzi wangu hapa Lamu. Mifano ni ya Shotokan, mtindo mmoja wa karate, kwa sababu ndiyo ninayoifundisha, lakini wa taekwondo na wengine watajiona humu.

Kabla ya dalili yoyote, chukua mwendo unaokusumbua uuulize maswali matatu. Mwanzoni adui yuko wapi na anafanya nini? Kila kiungo changu kina kazi gani, pamoja na vile vinavyoonekana kupumzika? Nikimaliza, nimemwacha katika hali gani? Swali la kwanza na la tatu watu hujibu haraka. Kasoro hujificha kwenye la pili.

Ngumi inafika, lakini mwenzako hatikisiki

Hii ndiyo dalili ya nahodha. Unapiga ngumi iliyonyooka, kiuno kimezunguka vizuri, na mwenzako aliyevaa kinga ya kifua anarudi hatua moja na kukutazama. Vijana wengi hapo hukimbilia pushapu. Ngoja kwanza.

Mwambie mwenzako anyooshe mkono kama anayetaka kukushika kola. Mpige kifuani ngumi tatu nyepesi, mkono wako wa pili ukiwa mtupu kiunoni kama kawaida. Sasa rudia, lakini safari hii shika mkono wa shati lake, uvute mpaka kiunoni kwako, na ngumi iende wakati huohuo mkono unaporudi. Usitie nguvu. Utaona anakuja mwenyewe kwenye ngumi: uzito umemwelemea mguu wa mbele, bega limegeuka, na kurudi nyuma hawezi kwa kuwa umemshika.

Wajapani huuita mkono huo hikite, mkono unaovuta. Jina lenyewe lilikuwa limeshajibu, sisi ndio hatukuliuliza. Funakoshi Gichin, aliyeionyesha karate ya Okinawa huko Tokyo mwaka 1922, aliandika wazi kwamba kazi yake ni kuushika mkono wa adui na kuuvuta huku ukiusokota, mwili wake uelemee upande wako. Katikati ya safari kutoka kwake mpaka kwetu mkono ukaachia ulichoshika, ukabaki pambo.

Aliyekulia Lamu hahitaji Kijapani kulielewa hili. Punda amesimama katikati ya usita, yaani kichochoro, mawe ya kujengea pande zote mbili, hataki kugeuka. Ukimsukuma begani tu, anakuegemea, na punda akiamua kukuegemea utasukumana naye mpaka magharibi. Lakini vuta kamba ya kichwani upande mmoja na usukume bega papo hapo: anageuka, kwa sababu miguu yake imeshapoteza pa kusimamia. Kano Jigoro, aliyeanzisha Kodokan, shule ya judo, mwaka 1882, aliugawa mtupo wa judo mafungu matatu: kuvunja mizani ya adui, kujiweka mahali pake, kisha kuangusha. Kuangusha kwenyewe kumewekwa mwisho, na sisi tulikuwa tunaanzia mwisho.

Dawa yake: kwa mwezi mzima usimpige mwenzako ngumi bila kushika kitu. Ukiwa peke yako, funga lesso kuukuu kwenye nguzo, uivute kila unapopiga. Njoo na shati la zamani. Usije na kanzu ya Idi; zimeraruka mbili mbele ya macho yangu, na mama mmoja wa Langoni hajanisamehe mpaka leo.

Na kama hukushika kitu wala huna mpango wa kushika, usiupeleke mkono kiunoni. Uweke karibu na uso ukulinde. Wapiga ngumi za ulingoni hawajakosea.

Kinga inachelewa kila mara

Mwenzako anapiga. Wewe unapeleka ngumi sikioni, unaishusha kwa gedan barai, ile kinga ya chini, na ngumi yake imeshafika na kurudi nyumbani. Unaambiwa uongeze kasi. Hesabu kwanza: yeye ana mwendo mmoja, wewe una miwili. Utachelewa hata ukiwa mwepesi kama paa.

Mpe mtu simu akupige video, kisha isimamishe pale mikono yako miwili inapopishana. Angalia ni mkono upi uliopo kati yako na yeye. Si ule unaouita wa kinga. Huo bado uko sikioni. Ni ule mwingine, ulionyooshwa mbele, ambao umefundishwa kuuona kama maandalizi. Huo ndio uliokulinda. Unaofuata, ule wa jina, unakuja kufanya kazi nyingine: kuuangusha mkono uliokwisha kudakwa, au kupiga paja, kinena, au shingo iliyoinama.

Lugha ndiyo iliyotupoteza. Tunasema kukinga, tunasema kuzuia, ilhali neno la Kijapani tunalolitafsiri kinga, uke, limetokana na ukeru, kupokea. Mtazame mchukuzi pale jeti anapopokea gunia la sukari kutoka chomboni. Hasimami akalizuia kwa mikono iliyokakamaa, litamtupa majini. Analifuata kidogo, analipatia mwili, analielekeza, na likitua limetua begani mwake, pale alipotaka yeye. Huko ndiko kupokea, na ndivyo mikono inavyopishana.

Ukitaka ushahidi ulio wazi zaidi, uko ndani ya kata, yaani mfululizo wa miendo iliyopangwa, ya kwanza kabisa tunayowafundisha watoto. Heian Shodan ina miendo 21. Baada ya kugeuka na gedan barai ya tatu, unasonga mbele hatua tatu, na kila hatua ni age uke, ile inayoitwa kinga ya juu. Ya tatu ina kiai, ule ukelele wa pigo la mwisho.

Fikiri kidogo. Anayepigwa ngumi za uso anasonga mbele hatua tatu, anakinga, anakinga, anakinga, kisha anapiga ukelele wa ushindi kwa sababu amekinga? Na adui muda wote huo anarudi nyuma huku akipiga? Nimeifundisha kata hii kwa miaka bila kuliona hilo. Anayesonga mbele ndiye anayeshambulia, na ukelele haupotezwi kwenye kinga.

Jaribuni hivi, polepole. Mwenzako akushike shati kifuani kwa mkono wa kulia. Mkono wako wa kushoto, ule wa "maandalizi", uukandamize mkono wake na kuuvuta chini. Kichwa chake kitakuja mbele. Hapo hapo piga hatua, na mkono wako wa kulia upande juu kama age uke. Kiko pale kinaungoja: kidevu. Kwenye mazoezi uelekeze juu ya kifua, usiuguse kidevu wala koo hata kwa mzaha. Shingo inayovutwa chini haina pa kukimbilia. Kama kijana wako ana umri wa chini ya miaka kumi na mbili mwonyeshe maana, asiifanye.

Miguu imezama, mwili hauendi

Hapa tuna bahati ambayo ukumbi wa sakafu hauna. Mchanga mbichi wa Shela maji yanapokupwa, hasa ya bamvua, ni daftari. Piga hatua tano za zenkutsu dachi, mkao mrefu wa goti la mbele lililopinda, kila hatua na ngumi yake, kisha ondoka urudi usome nyayo kabla wimbi halijazifuta. Mchanga mkavu wa juu haufai. Hausomeki, na unapinda vifundo vya miguu.

Unyayo wa nyuma umechapika safi kama muhuri, kisigino kirefu ndani: uzito uliuacha nyuma na ngumi ilikwenda peke yake, kama barua isiyo na aliyeitia sahihi. Unyayo wa nyuma unapaswa kuonyesha mchanga umesukumwa na kufinyangwa pale chini ya vidole, kwa sababu huko ndiko nguvu inakoanzia.

Vidole vya mbele vimechimba shimo: ulikuwa unaanguka, hukuwa unasonga.

Nyayo zote ziko kwenye mstari mmoja kama mtu anayepita juu ya ubao wa kupandia chomboni: mtoto akikusukuma ubavuni utakwenda chini. Ziache upana wa nyonga.

Lakini kusahihisha nyayo bila kujua kazi ya mkao ni kupaka rangi mlango uliooza. Zenkutsu dachi si nyumba ya kuishi. Ni picha ya sekunde moja, ile ambayo uzito wako wote umeingia kwa adui na goti lako la mbele linausukuma mguu wake. Mwanafunzi anayesimama humo akingoja kushambuliwa amekaa mlangoni mwa nyumba ambayo alitakiwa apite tu. Ukilielewa hilo, swali la "niwe chini kiasi gani?" linajijibu: chini kiasi cha kumwondoa aliye mbele yako, na mara moja unatoka. Mweke mwenzako mbele, mkao wako uishie pale mguu wake ulipokuwa, na mtaona wenyewe ni mfupi au mrefu.

Goti likiuma, hilo si la mwongozo huu. Pumzika, ukamwone tabibu.

Kwa rafiki inafanya kazi, kwa mwingine haifanyi

Karibu kila mara ni umbali.

Vijana wetu wengi wameingia uwanja wa kirumbizi kabla ya kuvaa mkanda wowote. Arusini au siku za Maulidi, zumari inalia, ngoma inajibu, wawili wanaingia na fimbo zao, na mwenye jicho zuri anajua kwa unywele mmoja fimbo ya mwenzake inaishia wapi. Ni elimu kubwa. Mtoto wa kirumbizi haogopi kitu kinachomjia usoni, na miguu yake inasikia mdundo. Lakini analeta umbali wa fimbo kwenye mbinu ya mkono. Anasimama mbali, anapokea ngumi ambayo isingemfikia hata angelala, na rafiki yake kwa heshima anaishia hapohapo. Wote wawili wanaona mbinu imefaulu.

Kuna kundi la pili, la simu. Karate iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, na tangu hapo vijana wananionyesha vipande vya kumite, yaani pambano la wawili: kuruka kuingia, kupata pointi, kuruka kutoka. Ni kazi nzuri na ina mantiki yake. Ila yule anakaa mbali kwa sababu kanuni zake zinamtaka hivyo. Ukichukua mwendo wa kata, uliotengenezwa kwa mtu ambaye ameshakushika nguo, ukaufanya kwa umbali wa mchezaji wa pointi, umechukua ufunguo wa mlango mmoja unajaribu mwingine.

Jaribio ni jepesi. Mwambie mwenzako asisimame baada ya ngumi ya kwanza. Apige, kisha aendelee kuja, akushike, akusukume, afanye atakalo kwa nguvu ya wastani. Mbinu iliyokufa hapo ilikuwa imekufa tangu zamani. Usiitupe lakini. Ianze tena mkiwa mmegusana, kiwiko kwa kiwiko, ndipo muongeze umbali kidogo kidogo mpaka mwone inapoacha kufanya kazi. Pale ilipoachia ndipo mpaka wake, uuandike.

Madogo madogo

Teke la mbele linakurudisha nyuma wewe mwenyewe: goti halikupanda kwanza. Goti ndilo linaloelekeza, mguu unafuata.

Kiai inatoka kooni: unapiga kelele, hukutoa pumzi. Kazi yake ni tumbo kukaza wakati wa kugusa. Watalii watakosa burudani, haidhuru.

Kiwiko kinauma baada ya ngumi za hewani: hewa haipokei kitu, hivyo kiungo chako ndicho kinachosimamisha ngumi. Tafuta cha kupiga. Okinawa wana makiwara, ubao uliosimikwa na kufungwa majani makavu. Sisi tuna kamba ya usumba na miti ya mikoko, lakini usikimbilie boriti. Boriti ni ngumu mno, haipindi, na makiwara inatakiwa ipinde kidogo ikupokee. Chukua ubao, fundi aupunguze unene kuelekea juu, ufunge usumba. Au jaza gunia makumbi, ulitundike.

Mwalimu anasema "fanya tu"

Usimkasirikie upesi. Mwanzoni mwa karne iliyopita Itosu Anko aliipeleka karate kwenye shule za Okinawa, na kwa ajili hiyo akazipanga kata tano za Pinan, ambazo baadaye Funakoshi aliziita Heian. Darasa zima la watoto, mwalimu mmoja, mwendo mmoja kwa hesabu moja, shabaha ikiwa afya na nidhamu. Huwezi kulifundisha darasa la watoto kuvunjana shingo. Kwa hiyo umbo lilisafiri, maana ikabaki nyumbani, na lililotufikia sisi ni umbo. Lakini Itosu huyohuyo, katika barua yake ya mwaka 1908 yenye mambo kumi, alitaka mwanafunzi atafute makusudi na matumizi ya kila mwendo. Kwa hiyo ukiuliza hujavunja adabu ya karate.

Adabu ya hapa kwetu ni jambo jingine. Usimuulize mbele ya darasa. Ngoja watu watawanyike, msaidie kukunja mikeka, kisha: "Mwalimu, naomba kuelewa, hapa adui anafanya nini?" Uliza juu ya adui, usiulize "hii ina faida gani", kwa maana la kwanza ni swali na la pili linasikika kama shutuma. Akijibu "bado", likubali. Pengine anaona utamuumiza mwenzako. Mara nyingine atasema mwendo huu ni wa kukaza nyonga tu, na hilo pia ni jibu. Akijibu kuwa kuna nguvu za siri, msalimie vizuri uende zako nyumbani.

Sasa kila mwendo una maelezo kumi

Huu ni ugonjwa wa aliyepona ya mwanzo. Ameonja maana, sasa anaiona kila mahali: kugeuka kule ni adui wa nne, kule ni wa tano, kata moja anapigana na watu wanane, kila mmoja anasubiri zamu yake kama kwenye foleni ya unga. Mabuni Kenwa, mwasisi wa mtindo wa karate wa Shito-ryu, aliupinga ufafanuzi huo zamani: kugeuka kwenye kata kunakuonyesha pembe ya kumwendea mtu mmoja, si idadi ya maadui.

Maelezo yoyote unayoyabuni yapitishe kwenye chujio. Je, yanamhitaji adui apige mara moja kisha agande? Je, umelazimika kuubadilisha mwendo ili maelezo yakae? Je, yamefaulu kwa mtu asiyejua utafanya nini? Kwenye Heian Shodan, mwendo wa nne, pale ngumi inapovutwa nyuma na kuzunguka kama nyundo, "mkono umeshikwa, unauchomoa, unampiga" yanapita chujio lote bila kubadilisha kidole. Hayo ndiyo ya kuweka. Yale yanayohitaji chati na mishale yaache.

Na kuna miendo ambayo haina adui kabisa. Kuinama mwanzo na mwisho ni salamu. Kata ya Chinte inamalizika kwa mirukio mitatu midogo ya kinyumenyume, na walimu wengi wanaiona ni ya kukurudisha pale ulipoanzia, basi. Nimewahi kukaa wiki nzima nikiitafutia mirukio ile mtu wa kumpiga. Iruke tu, rudi mahali pako, inama, toka.